Mjadala: Kenya Airways iendelee kutegemea Boeing kwa masafa marefu, au Airbus nayo ipewe nafasi?

Mtoa hoja, Nairobi

Ndugu zangu, katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 Kenya Airways ilipata hasara ya takribani shilingi bilioni 12, miezi michache tu baada ya kutangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba ndege 3 kati ya 9 za Boeing 787 zilikuwa zimesimama kwa kukosa injini. Kwa kuwa safari za London, Paris, Amsterdam na New York zote zinategemea aina hiyo moja ya ndege, theluthi ya uwezo wa shirika wa masafa marefu ilitoweka kwa pigo moja.

Nashikilia kwamba ndege kubwa zijazo, ziwe za kununua au za kukodi, zishindaniwe waziwazi, nazo A330neo na A350 za Airbus zipimwe kwa mizani ileile ya 787. Airbus si mgeni Embakasi, makao ya Kenya Airways, kwani ndege zake za A310 zilianza kulihudumia shirika hili mwaka 1986. Majirani zetu nao hawakujifunga kwa mtengenezaji mmoja: Ethiopian Airlines ilipokea A350 yake ya kwanza mwaka 2016 huku ikiendelea kurusha 787, na Air Tanzania inazo Boeing na Airbus. Mnunuzi anayejulikana kwamba hawezi kwenda kwingine hana nguvu ya kujadili bei. Mwaka 2011 American Airlines iliagiza ndege 260 za Airbus na 200 za Boeing kwa wakati mmoja, na mwezi uliofuata Boeing ikazindua rasmi mradi wa 737 MAX, yaani 737 yenye injini mpya. Hivyo ndivyo ushindani unavyowasukuma watengenezaji.

Mchangiaji wa pili, Embakasi

Ndugu mtoa hoja, mimi ni fundi wa ndege, na naona tiba unayopendekeza haigusi ugonjwa wenyewe. Kilichokosekana mwaka 2025 ni injini, na injini hazitengenezwi na Boeing wala Airbus. Injini za 787 zetu ni GEnx za kampuni ya GE. A350 nayo hutumia injini ya Trent XWB ya Rolls-Royce peke yake, bila chaguo lingine lolote. Air Tanzania uliyoitaja ililazimika kuzisimamisha Airbus A220 zake kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, kwa hiyo kuwa na watengenezaji wawili wa ndege hakukuikinga. Hata ndege ya C919 ya China, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2023 na wengi wanaitaja kuwa mshindani mpya, huruka kwa injini za LEAP, zinazotengenezwa na ubia wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa.

Tazama pia ukubwa. Ethiopian ina ndege zaidi ya 100, kwa hiyo inaweza kugawa gharama za vipuri, vifaa na mafunzo ya mafundi na marubani kwa aina kadhaa. Shirika lenye ndege kubwa 9 likileta aina ya pili litahitaji ghala la pili la vipuri, leseni nyingine kwa mafundi, na marubani ambao hawataweza kuhamishwa kirahisi kutoka ndege moja hadi nyingine mwenzao anapougua.

Mchangiaji wa tatu, Donholm

Naomba tusiusifu ushindani bila kukumbuka ulikotufikisha. Airbus ilipotangaza A320neo, yaani A320 yenye injini mpya, mwishoni mwa mwaka 2010, Boeing iliacha wazo la kubuni ndege mpya kabisa, ikafunga injini kubwa zaidi kwenye umbo la 737 lililobuniwa miaka ya 1960, na hiyo ndiyo 737 MAX. Injini hizo zilibadilisha mwenendo wa ndege angani, na ili kuurekebisha ukawekwa mfumo wa MCAS, uliokuwa na uwezo wa kusukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea taarifa za kihisio kimoja tu, na ambao marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao vya mwongozo. Ndege ya aina hiyo ya shirika la Lion Air la Indonesia ilianguka Oktoba 2018 na kuua watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ikaanguka 737 MAX ya Ethiopian iliyokuwa ikija hapa Nairobi, wakafa watu wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Wapo waliokuwa wakiwasubiri katika uwanja wa ndege wa JKIA asubuhi ile. Kwa hiyo bei na mafuta yatakapopimwa, usalama na uaminifu wa mtengenezaji kwa wanaorusha ndege zake upimwe kwanza.

Mtoa hoja

Nashukuru. Mwenzangu wa Embakasi, hoja yako ya injini ni nzito, lakini haifuti yangu: kama 3 kati ya hizo 9 zingekuwa za aina nyingine yenye injini nyingine, uhaba wa GEnx usingezigusa. Gharama ya ghala la pili ni ya kweli, na ilinganishwe na gharama ya ndege tatu zisizoruka kwa miezi kadhaa. Mwenzangu wa Donholm, nakubaliana nawe kwamba usalama utangulie.

Mchangiaji wa pili

Basi tulinganishe kwa hesabu, kwa kuwa serikali inamiliki asilimia 48.9 ya shirika hili na hasara yake inatuangukia sisi walipa kodi. Watengenezaji wote wawili wana oda za maelfu ya ndege zinazosubiri, na anayetaka ndege tatu au nne hawezi kumtikisa yeyote kati yao. Nguvu yetu ndogo tuitumie kwenye mkataba wa injini: idadi ya injini za akiba, muda wa kurudishwa zinapopelekwa matengenezoni, na fidia ya kila siku ndege inapokaa chini kwa kuzisubiri. Vifungu hivyo vitatu viwekwe mbele ya Bunge kabla ya saini yoyote, ndege iwe ya Boeing au ya Airbus.