Mjadala: Kampuni changa za Lubumbashi zikimbilie majaji au wateja?

Mwenye hoja, Kampemba

Msimamo wangu siufichi. Vijana wetu wamekuwa mabingwa wa kusimama mbele ya majaji wa mashindano ya kutafuta pesa za wawekezaji. Dakika tano, picha kwenye ukuta, halafu ile hesabu ya Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100: "tukipata mmoja tu katika kila mia…" Ukimuuliza amemuuzia nani hapa Katuba, anaangalia viatu.

Wateja tunao, tena wenye dola. Kuanzia hapa hadi Kolwezi ni shaba na kobalti, na migodi hununua chakula cha wafanyakazi, sare, usafiri, matengenezo ya kompyuta. Sheria ya ukandarasi mdogo ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi hizo zipewe kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa Wakongomani. Kila Juni wakubwa wa migodi wanakuja wenyewe mjini kwa DRC Mining Week, maonyesho ya sekta ya migodi. Kijana wa hapa anapanda ndege kwenda Kinshasa kutafuta mwekezaji wa nini?

Mshonaji wa sare, Kamalondo

Mukubwa, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kungoja malipo ya mgodi. Kazi niliipata, sare zikapelekwa, faktura ikapokelewa na muhuri juu. Siku 30 zilizoandikwa zikawa 90, na mafundi wangu wanakula kila jioni. Benki ilitaka hati ya kiwanja. Likelemba yetu, mchango wa kupokezana, haifiki bei ya kitambaa cha oda kama ile. Nikaangukia kwa bank lambert, mkopeshaji wa mtaani, na riba ikala faida yote pamoja na usafiri. Kwa hiyo usituambie pesa ya nje haina kazi. Mteja mkubwa anaweza kukuzika ukiwa na oda mkononi.

Mhasibu, katikati ya mji

Mama amesema kweli, lakini anachohitaji yeye ni mkopo wa miezi mitatu. Hilo si jambo la kuuzia hisa. Watu wanachanganya mambo haya mawili, na wanachanganyika vibaya.

Y Combinator ya Marekani, inayowekeza kwenye kampuni changa, inatoa dola 125,000 kwa 7% ya kampuni. Hapa kwetu mtu akileta 20,000 anataka 60%, na kijana anasaini kwa furaha. Sasa rudini kwenye sheria ya 2017: mwenye hizo 60% akiwa mgeni, kampuni si ya Wakongomani tena. Mlango wa migodi anaousifu mwenye hoja umefungwa, na ni wewe uliyeufunga kwa kalamu yako. ARSP, mamlaka inayosimamia ukandarasi huo, itaangalia hisa, haitaangalia sura yako.

Na kabla ya kumkaribisha mwenye pesa, angalieni aina ya kampuni. Tangu OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ilipokarabati sheria yake ya makampuni mwaka 2014 tuna SAS, aina ya kampuni ambayo masharti ya kuingia na kutoka kwa wenye hisa mnajipangia wenyewe. Wengi wanafungua SARL, aina iliyozoeleka, kwa sababu jirani alifungua SARL.

Mtengeneza programu, Ruashi

Mimi migodi hainihusu. Programu yangu inahesabu dawa za famasi ndogo za hapa mjini, mitaa ya Kenya na Katuba, wanaolipa dola chache kwa mwezi kupitia simu. Wanalipa, lakini nikiwategemea wao peke yao nakua kwa mwendo wa umeme wetu: leo upo, kesho hakuna. Tony Elumelu Foundation, mfuko wa Nigeria wa kusaidia wajasiriamali wa Afrika, inatoa dola 5,000 bila kuchukua hisa hata moja. Nisiende kwa sababu baba fulani hapendi majaji?

Mwenye hoja

Dada, nenda. Zawadi isiyochukua hisa ichukueni wote. Ninachokataa ni maisha ya kutoka shindano hadi shindano, miaka inapita, bidhaa haijaguswa na mtu. Wewe utaingia na famasi zinazolipa. Anza na hizo. Sema nani alilipa, kiasi gani, na wangapi walirudi mwezi uliofuata. Milioni 100 waachie wanasiasa.

Na mama wa sare: omba malipo ya awali kabla hujakata kitambaa. Kisha kuna FOGEC, mfuko wa serikali uliowekwa kudhamini mikopo ya wajasiriamali. Nenda na oda yenye muhuri, wakusimamie benki.

Mshonaji wa sare

Malipo ya awali niliomba, wakaniambia kuna wengine kumi wanaongoja bila kuomba. Huo mfuko nitaujaribu. Lakini kuna mtu humu aliyewahi kukopeshwa na benki kwa oda ya mgodi tu, bila hati ya kiwanja? Aandike riba aliyolipa na siku alizongoja. Jina la benki abaki nalo.