Mpwa wangu asomee ukandaji au rekodi za afya?

Mjomba wa Likoni:
Assalaam aleikum, ndugu na dada zangu. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne kwa wastani wa C, na anavutwa na kozi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ukandaji wa mwili, ambayo chuo kimoja cha binafsi hapa mjini kinaahidi kuimaliza kwa wiki chache na kumtafutia kazi katika spa za hoteli. Ya pili ni rekodi na taarifa za afya, ambayo huchukua miaka. Mama yake hataki hata kusikia habari ya kukanda wageni. Mimi sioni aibu katika kazi ya halali, ila nahofia karo isije ikapotea kwa cheti ambacho hakuna mwajiri atakayekitambua. Naomba ushauri wa wanaozijua kazi hizi kwa ndani.

Msimamizi wa Rekodi, Tudor:
Wa aleikum salaam, mjomba. Nitaeleza upande wangu, kwa sababu wengi hudhani kazi yetu ni kutoa faili rafuni na kumwandikia mgonjwa kadi. Kila ugonjwa ambao daktari ameutambua hupewa msimbo kutoka ICD, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Kwa toleo la kumi, shinikizo la damu ni I10 na kisukari cha aina ya pili ni E11. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022, kwa hiyo kijana anayeingia chuoni sasa inampasa ayaelewe yote mawili. Mwezi unapokwisha, yaliyomo katika rejista hujumlishwa kwenye fomu za Wizara ya Afya kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje, kisha takwimu hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ambao Kenya yetu ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011, nao huwafikia wanaopanga dawa na bajeti.

Kumbukeni chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilipozuka Mombasa mwishoni mwa 2017. Kila homa ikiandikwa malaria kwa mazoea, takwimu zitaonyesha malaria, na hakuna atakayeona kwamba wanaougua wanaumwa na mbu wa mchana, anayezaliana katika mapipa na madumu ya maji majumbani mwetu, wala kaunti haitajua ianzie mtaa gani kuangamiza mazalio yake. Mtu aliyefunzwa vizuri huliona jambo hilo katika rejista yake, akalipeleka kwa afisa wa afya kabla mwezi haujaisha. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kuokoa maisha, ijapokuwa hatuvai koti jeupe.

Kuhusu cheti, taaluma hii ina sheria yake ya mwaka 2016, iliyounda bodi ya kuwasajili wasimamizi wa rekodi na taarifa za afya, na chuo ambacho bodi haikitambui hakifai hata kama karo yake ni nafuu. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya kitabibu, hufundisha cheti kwa miaka miwili na stashahada kwa miaka mitatu, na siku hizi maombi hupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Wastani wa C humfungulia njia, lakini aangalie pia alama za somo moja moja, hasa lugha, baiolojia na hisabati. Sitaficha kwamba nafasi za kaunti hazitangazwi mara kwa mara. Wengi huanzia katika zahanati na hospitali za binafsi.

Mkandaji, Bamburi:
Mjomba, nayaunga mkono aliyoyasema ndugu wa Tudor, lakini ningependa mama yake asiitazame kazi yetu kwa jicho la aibu. Pwani hii mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, bi harusi husingwa kwa singo, yaani husuguliwa mwili kwa mchanganyiko wa manukato, na wazee wetu walichuliwa viungo kwa mafuta ya nazi kabla hoteli ya kwanza haijajengwa ufukweni.

Kinachoongezwa na chuo kizuri ni elimu ya mwili, na hapo ndipo kozi za wiki chache zinaponitia hofu. Mteja anaweza kukuambia kwamba mguu mmoja unamuuma tangu ashuke kwenye ndege. Ukiuona umevimba, una joto, na shavu la mguu linauma akiguswa, usiuchue hata kidogo, kwa maana huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likibanduka linaweza kufika mapafuni likamuua. Mwenye homa naye hakandwi. Mjamzito ambaye mimba yake imekuwa kubwa halazwi chali kwa muda mrefu, hulazwa ubavu. Mambo haya hayatoki katika video, hutoka kwa mwalimu anayesimama kando yako huku mikono yako ikifanya kazi. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, lakini jimbo la New York hudai saa 1,000 za mafunzo kabla ya leseni, na Texas hudai 500. Kiulizeni chuo chenu saa ngapi ni za vitendo, tena chini ya usimamizi wa nani.

Hapa kwetu, ukandaji hauna bodi kama ile ya rekodi. Mara nyingi hufundishwa ndani ya kozi za urembo. Mkandaji pia asijiite mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa hiyo ni taaluma nyingine yenye sheria yake ya mwaka 2014. Mapato nayo hufuata msimu: Agosti na Desemba kuna kazi na bahashishi, lakini mvua za masika zikianza hoteli nyingi hupunguza watu. Na mama yake ana haki ya kuuliza juu ya wateja wenye nia mbaya, kwa sababu wapo. Spa yenye heshima humruhusu mkandaji kusitisha huduma papo hapo bila kukatwa mshahara. Asikubali ajira mahali ambapo jibu la swali hilo linazungukazunguka.

Mzazi, Changamwe:
Naongeza moja tu. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisheni chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, kisha muulize ni chombo gani kitakachotunga mtihani na kutoa cheti. Chuo kimoja kilituonyesha usajili wa biashara wa kaunti kana kwamba ndio kibali cha kufundisha, na binti yangu akarudi nyumbani na karatasi ambayo hakuna mwajiri aliyeitambua. Jambo hilo bado linaniuma.

Mjomba wa Likoni:
Nawashukuru sana. Sasa naelekea kwenye rekodi, ila mpwa wangu mwenyewe anauliza kama anaweza kusoma vyote viwili kwa wakati mmoja.

Msimamizi wa Rekodi, Tudor:
Kwa wakati mmoja simshauri, kwa sababu mafunzo ya hospitalini humchukua mwanafunzi mchana kutwa, na baiolojia ya mwaka wa kwanza haina huruma. Apeleke maombi KUCCPS nafasi zinapofunguliwa, kisha, huku akisubiri, aombe ruhusa ya kuketi katika idara ya rekodi ya hospitali iliyo karibu nanyi Jumatatu asubuhi, foleni inapofika nje. Huenda wakamtaka atie saini ya kutunza siri za wagonjwa, nayo ni haki yao tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Akitoka hapo bado anaitaka kazi hii, basi ni yake.

Mkandaji, Bamburi:
Naafiki. Ukandaji unaweza kumsubiri hadi apate stashahada yake, na elimu ya mwili atakayoipata chuoni haitapotea. Lakini iwapo baada ya Jumatatu hiyo moyo wake utabaki kwenye ukandaji, nitumie ujumbe, mjomba, nimpangie siku ya kuja kutazama kazi yetu hapa Bamburi. Na mama yake aje pia, aketi na meneja wetu amuulize yote yanayomtia wasiwasi.