Mkono wa miwani ukikukatikia ghafla: tupeane uzoefu

MwalimuWaZamu: Wakuu, leo kwenye daladala nimemwona kijana kafunga miwani yake kwa plasta ya kidonda, roho ikaniuma. Nikakumbuka yangu ya 2016. Ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani, mwanangu akanirukia kifuani, mkono wa kulia wa miwani ukabaki kiganjani mwake. Namba yangu ni -5, bila miwani hata sura ya mke wangu siioni vizuri. Nikanunua supagluu, nikapaka kwenye bawaba, nikaifungia ndani ya kasha lake ikauke. Asubuhi nafungua, lenzi zote mbili zina utando mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ila nafuta na haufutiki. Madaftari 90 yananingoja mezani. Nililia, jamani. Wenzangu mlifanyaje?

BintiPwani: Umenigusa mwalimu. Yangu ilikatika asubuhi ya harusi ya mdogo wangu.

FundiSaa: Pole sana mwalimu. Ule ni moshi wa gluu. Ukiifungia kwenye kasha hauna pa kutokea, unaganda kwenye lenzi. Toa lenzi kwanza, au iache wazi penye upepo. Tena gluu ikiingia kwenye bawaba mkono haukunjiki tena.

Mkwawa_Jr: Tumia gluu na unga wa soda ya kupikia juu yake, inakuwa jiwe papo hapo. Utando futa na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha.

FundiSaa: Asetoni HAPANA! Inayeyusha fremu za plastiki na kupasua baadhi ya lenzi. Mkuu usiwaharibie watu macho.

Mkwawa_Jr: Mimi nilifuta ya kwangu na mpaka leo ninayo.

FundiSaa: Yako ilikuwa ya kioo halisi. Za siku hizi nyingi ni plastiki. Nipo kwenye kazi hii hapa Kariakoo miaka 19, na hao waliofuta kwa asetoni ndio wanaoniletea.

DerevaWaNyanda: Ngojeni niwape yangu. Nashuka mlima wa Kitonga usiku na shehena ya viazi kutoka Njombe, mvua inanyesha. Kwenye kona nikasikia "tk", skrubu imechomoka, miwani inaning'inia sikio moja. Pale hakuna pa kusimama, nyuma yangu basi linapiga honi. Nikamwambia utingo, shika huo mkono kwenye sikio langu na usitikisike. Dogo alinishikia mpaka bondeni, vidole vinamtetemeka, nasikia anavyosali. Ruaha Mbuyuni mama mmoja muuza vitunguu akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaipenyeza kwenye tundu la bawaba, akaikunja kwa meno. Ile pini ilinifikisha Dar na ikakaa miezi minne. Yule mama Mungu amzidishie.

BintiPwani: Mwili umenisisimka. Huyo utingo yuko wapi sasa?

DerevaWaNyanda: Ana gari lake mwenyewe, anapiga Tunduma.

Afande_Mstaafu: Kaka, dereva wa miwani anasafirije bila miwani ya akiba? Umehatarisha roho za watu.

DerevaWaNyanda: Mzee, miwani moja nilikusanyia miezi mitatu. Hiyo ya pili ningeitoa wapi?

MwalimuWaZamu: Tusigombane. Afande ana haki, na dereva naye ana haki.

FundiSaa: Dereva, skrubu nyingi za miwani ni milimita 1.4. Weka mbili kwenye pochi, na ukikaza tia tone la rangi ya kucha, haitajifungua. Fremu ya plastiki iliyokatika katikati, gluu peke yake ni bure. Napasha waya mwembamba wa shaba, nauzamisha pande zote mbili za ufa kama mshono, ndipo gluu juu.

Mkwawa_Jr: Na zile nyepesi zinazopindika? Hapo soda yangu imeshindwa, nakiri.

FundiSaa: Zile gluu haizishiki. Navalisha ule mrija wa mafundi redio unaonywea kwa moto. Haupendezi kuutazama, ila unashika.

BintiPwani: Fundi, uko Kariakoo upande gani? Mama yangu anasoma Kurani kwa miwani ya mkono mmoja tangu Ramadhani. Nakuletea Jumamosi.