Zile vitamini za mama (kikundi cha "Nyumba ya Kisauni")

Khalati Mwanahawa: Asalam aleikum nyote. Begi la Jamila lishafika na yule kijana aliyetoka Doha. Vitamini za Maryam hizo, mna D, B12, B kompleksi, C na magnesiamu. Jamila mwanangu Mungu akuzidishie. Nuru njoo uzichukue leo mamako aanze, jana nimemuona hata kufunga buibui mikono yamshinda nikasikia uchungu sana

Jamila: Amin mama. Hiyo magnesiamu ni ya miligramu 400, huku watu wenye shida za misuli waisifu sana, kuna mwenzangu kazini alikuwa yuwakazwa na miguu usiku ikamwacha kabisa

Nuru: Waaleikum salam khalati. Jamila dadangu ahsante kwa moyo wako, wallahi mama alipoambiwa amefurahi. Lakini khalati tafadhali usimpe kitu mpaka nije, na hiyo magnesiamu hasa iweke kando

Jamila: Magnesiamu?? Si iko hata kwenye korosho na mchicha

Nuru: Ya kwenye chakula haina neno, korosho ale tu. Shida ni hii ya kidonge na zaidi ya sindano. Mayasthenia, huu ugonjwa wa mama, si misuli kukosa lishe jamani. Neva ikitaka mkono uinuke yamwaga kemikali fulani, ile kemikali yaenda kushika kwenye vipokezi vya msuli ndo msuli ukaze, sasa kwa mama kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo yavishambulia vile vipokezi kwa hivyo ujumbe wafika nusu. Ndo mana akiamka mzima na ukifika alasiri kope ya kushoto ishaanguka na aona vitu viwili viwili. Magnesiamu yapunguza ile kemikali inayomwagwa, yaani hicho kidogo kinachofika nacho chapungua. Ya sindano, ile wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba, yaweza kumkata pumzi mtu wa mayasthenia. Na zile dawa za kiungulia na za kulainisha choo, nyingine zina magnesiamu pia, tusome karatasi kwanza

Jamila: Subhanallah. Basi mama itoe hiyo kabisa

Ami Swaleh: Mimi nasema turudi kwa vyetu. Habat soda na asali asubuhi na jioni, kinga ipate nguvu

Nuru: Ami shikamoo. Kinga ya mama haijalala ami, ndiyo inayompiga, na prednisoloni anayokunywa kazi yake ni kuituliza, sasa sisi tukiiamsha huku dawa yaituliza kule tutamchosha bure. Habat soda tumuulize daktari. Asali naiogopa kwa sababu nyingine, prednisoloni yapandisha sukari na ya mama ishaanza kupanda

Ami Swaleh: Hapo nimekuelewa mwanangu

Khalati Mwanahawa: Kwa hivyo mali yote ya Jamila imepotea?

Nuru: Hapana khalati!! Vitamini D ndiyo niliyoitaka sana. Prednisoloni ikinywewa muda mrefu yala mifupa, ndo mana daktari alisema D na kalsiamu ziandamane nayo. Na msiseme Mombasa kuna jua, mama yuko ndani siku nzima na akitoka yumo ndani ya buibui, hilo jua lamfikia wapi. B12 nayo tupime damu kwanza, mtu mwenye ugonjwa huu aweza kuwa na ule mwingine wa kinga unaofanya tumbo lisinyonye B12, na B12 ikipungua miguu yafa ganzi na mwili wachoka, sasa mkidhani ni mayasthenia kumbe ni kitu chengine chenye tiba yake. Ikiwa chini atapewa, ikiwa sawa hatopata nguvu zaidi kwa kunywa nyingi. Jamila wakumbuka hiyo B kompleksi, ndani yake B6 ni ngapi?

Jamila: 200 mg

Nuru: Nyingi hiyo kwa kila siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu yaharibu neva zenyewe, nyayo zafa ganzi. Ulaya mwaka 2023 walishusha kiwango cha juu cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Hiyo tusimfungulie

Mama: Mie nataka nile bila kushika kidevu basi

Nuru: 😢 Mama wangu. Khalati akija kwako kula, kile kidonge cha piridostigmini, cha kumpa misuli nguvu, akinywe kama nusu saa kabla ya sahani kuja. Jana alikinywa akiwa ashaanza, mofa ikamshinda katikati akawa atafuna huku mkono mmoja umeushikilia utaya. Ukisubiri nusu saa utamuona atafuna mwenyewe, na samaki wa kupaka na wali laini ni bora kuliko mofa. Nguvu yake ni saa tatu nne hivi kisha yashuka, kwa hivyo hakuna vitamini ya kukaa mahali pake, kisirukwe hata siku aliyoamka vizuri

Khalati Mwanahawa: Sawa. Na joto hili je, maana jioni ndo huzidi

Nuru: Joto lamuongezea kweli, feni imuelekee na asisimame jikoni kwenye mahamri. Mwakumbuka kule kliniki daktari alitia barafu ndani ya glavu akaiweka juu ya kope, dakika mbili tu jicho likafunguka. Baridi yamsaidia

Nuru: Na yeyote atakayekuwa naye, akianza kusema kwa puani, maji yampalia, au hawezi kuhesabu moja mpaka ishirini kwa pumzi moja, msinipigie mimi kwanza, ni hospitali moja kwa moja. Na dukani msikubali sipro na jentamisini, zile antibiotiki, wala kwinini ya malaria kabla hamjaonyesha ile kadi yake ya ugonjwa, zaweza kumzidishia udhaifu, juzi duka moja lilitaka kumpa sipro ya mkojo nikawahi

Jamila: Nitumieni picha ya kadi niiweke kwa simu. Na kalsiamu nitanunua mimi, niambieni aina gani

Nuru: Ngoja Jumanne tuulize. Chupa zote nazibeba hospitali ya Makadara daktari azisome moja moja. Ami gari lipo?

Ami Swaleh: Lipo. Saa moja asubuhi niko mlangoni, kabla foleni ya Nyali haijaanza

Khalati Mwanahawa: Nami naja. Chupa nishazitia mfukoni, ile ya magnesiamu nimeiandika X kwa kalamu nyekundu

Mama: Mungu awaweke wanangu. Ami Swaleh uje na mto wa shingo, ule wa gari langu uliraruka