Mnatunyima usingizi usiku kucha, halafu mnatuhubiria namna ya kutunza nguvu za sikukuu

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki moja kabla ya safari, shirika la ndege ambalo sitalitaja lilinitumia ujumbe wa kunitakia sikukuu njema, uliojaa mawaidha ya namna ya kusafiri bila uchovu: lala vya kutosha, kunywa maji mengi, nyoosha miguu, usijipe mawazo. Siku ya safari yenyewe, nikiwa tayari nimepanga foleni na mwanangu wa miaka mitano, shirika hilohilo likanitumia mstari mmoja tu kwamba ndege yetu ya saa tatu usiku itaondoka saa kumi na moja alfajiri. Hapakuwa na sababu, wala pole, wala namba ya simu.

Saa nane tulizozisubiri zilikuwa hivi. Viti vya ukumbi ule vimetengwa kimoja kimoja kwa vyuma vya kuegemezea mikono, kwa hiyo hata mtoto hawezi kujilaza. Taa hazikuzimwa hata dakika moja, na kipaza sauti kilirudia onyo la kutoacha mizigo bila mwangalizi kila mara mtoto aliposinzia. Karibu na lango letu palikuwa na soketi nne, mbili mbovu, na zile nzima zilizungukwa na watu waliosimama na nyaya mkononi wakingoja zamu. Aliyetusaidia ni mama mmoja wa usafi, ambaye alituletea katoni mbili alizozikunjua mwenyewe, tukamlaza mtoto juu yake. Yule mama si mwajiriwa wa shirika, na nadhani ndiyo maana alikuwa na utu.

Ilipofika saa sita usiku ndipo kijana wa kaunta akatoboa siri, kwamba ndege ilichelewa kutoka safari zake za mchana na wafanyakazi wake walikuwa wamemaliza saa zao za kazi. Nawaomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu sina kinyongo na rubani. Kanuni za usafiri wa anga zinaweka kikomo cha saa ambazo rubani na wahudumu wanaruhusiwa kufanya kazi, kisha zinawalazimisha kupumzika, na kila abiria mwenye akili timamu anashukuru. Kinachoniudhi ni kwamba mashirika haya yanajua barabara kuwa uchovu ni jambo zito, linalopimwa kwa saa na kulindwa kwa sheria, lakini uchovu huohuo ukimpata abiria unageuka kuwa uzembe wake binafsi, na dawa yake ni mawaidha.

Mimi niliamka saa kumi na mbili asubuhi siku ile, na ndege ilipoondoka nilikuwa nimekaa macho saa 23. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kushika usukani. Mimi nilikuwa nimekodi gari la kuendesha mara tu baada ya kutua. Nililiacha, fedha ikapotea, tukalala vitini hadi saa nne asubuhi. Wangapi katika ndege ile hawakuliacha?

Tena msiniambie habari ya kahawa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa saba usiku kinakuibia hata ule usingizi mdogo ambao ungeupata angani. Na hayo maji mengi ninayoambiwa ninywe, niliyamwaga mwenyewe kwenye ukaguzi, kwa sababu tangu mwaka 2006 viwanja vingi haviruhusu kupita na kimiminika katika chombo kinachozidi mililita 100. (Chupa tupu inaruhusiwa, ibebeni, mjaze ndani kama mtabahatika kukuta bomba.) Hewa ya ndani ya ndege mara nyingi huwa na unyevu chini ya asilimia 20, kwa hiyo kiu ile si ya kujitakia.

Wanaotaka kunijibu kwamba msimu wa sikukuu ndivyo ulivyo, nawasihi wafikirie kwanza. Ndege moja hupangiwa safari kadhaa kwa siku, ya asubuhi ikichelewa inazivuta zote zinazofuata, na kwa kuwa viti vimejaa, hakuna pa kuwahamishia watu. Hilo linajulikana mwaka mzima. Aliyepanga ratiba bila nafasi ya kupumulia aliamua kwamba gharama ya ucheleweshaji ataibeba abiria.

Kwa safari zinazoanzia nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inalilazimisha shirika kutoa chakula wakati wa kungoja, na hoteli safari ikisogezwa hadi kesho yake. Safari yangu haikuanzia huko, nikaambulia biskuti. Hata hivyo ilikuwa safari ya kimataifa, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, kifungu cha 19, unalibebesha shirika hasara itokanayo na ucheleweshaji hadi lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuuepuka. Muda wa kufungua shauri ni miaka miwili.

Nimetunza pasi ya kupandia ndege, ujumbe wao wote na stakabadhi ya lile gari. Barua ya madai nimeituma mara mbili na sijajibiwa. Aliyewahi kudai kwa kifungu hicho akalipwa, naomba aeleze hapa aliambatanisha vielelezo gani na alisubiri muda gani.