Kati ya besiboli na NASCAR, mashabiki wa upande upi ni kindakindaki zaidi?

Mkazi wa Charlotte aliuliza:

Wanajamvi, habari za wakati huu. Ninaishi North Carolina, na kazini kwangu kuna ubishi ambao bado haujapata mwamuzi. Kundi moja linashikilia kwamba besiboli ndiyo mchezo wa taifa la Marekani, na kwamba hakuna mashabiki wengine wanaoweza kuifuatilia timu yao mechi 162 katika msimu mmoja, tena kabla hata ya kufika kwenye mtoano. Kundi la pili, ambalo huku kwetu ndilo kubwa, linasema mashabiki wa NASCAR, yaani mbio za magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani, ndio mashabiki wa kweli, kwa kuwa wako tayari kusafiri na karavani zao, kupiga kambi ndani ya uwanja siku kadhaa kabla ya mbio, na hata kuchagua sabuni ya kufulia kwa kuangalia kampuni inayomdhamini dereva wao. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi bado huvaa kofia nyeusi yenye namba 3 ya Dale Earnhardt, aliyefariki katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, tarehe 18 Februari 2001. Ukimuuliza siku hizi anamshangilia nani, anajibu kwamba dereva wake alishakufa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Naomba tutenganishe mambo mawili, kwa sababu kazini yanachanganywa kila siku: wingi wa mashabiki ni jambo moja, na uimara wa mapenzi yao ni jambo jingine. Je, tunaweza kuyapima yote mawili kwa haki?

Karani wa Takwimu alijibu:

Ndugu yangu, kwa wingi besiboli iko mbele, ila namna watu wanavyolithibitisha jambo hilo mara nyingi si sahihi. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 81 nyumbani, hivyo mwaka 2023 peke yake tiketi zilizouzwa zilipita milioni 70. Daraja la juu la NASCAR lina mbio 36 za pointi kwa msimu mzima. Hata ukijaza majukwaa yote hadi ukingoni huwezi kuikaribia idadi hiyo, kwa hiyo kulinganisha jumla ya tiketi hakutuelezi kitu kuhusu mapenzi ya mtu yeyote. Ukitazama tukio moja moja, mizani inageuka: uwanja mkubwa kuliko yote wa besiboli, ule wa Dodgers huko Los Angeles, hubeba watu wapatao 56,000, ilhali majukwaa ya Daytona yana viti zaidi ya 100,000 hata baada ya kupunguzwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2016.

Kwenye televisheni kuna mtego mwingine. Mbio za kawaida za Jumapili mara nyingi hupata watazamaji wengi kuliko mechi ya kawaida ya besiboli inayorushwa nchi nzima, na wenzetu wa NASCAR hulitumia jambo hilo kama rungu. Wanachosahau ni kwamba shabiki wa besiboli huitazama timu yake kwenye chaneli ya eneo lake karibu kila usiku, na hana sababu kubwa ya kuwatazama wengine. Fainali za mwaka 2023 kati ya Texas Rangers na Arizona Diamondbacks zilipata wastani wa watazamaji takriban milioni 9 tu, kiwango cha chini kabisa katika historia yake, kisha mwaka uliofuata, Dodgers walipokutana na Yankees wa New York, wastani ukaruka hadi karibu milioni 16. Idadi ya wapenzi wa besiboli haikuongezeka kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni miji iliyofika fainali. Kwa upande wa pili, Daytona 500 ya mwaka 2006 ilipata watazamaji zaidi ya milioni 19, na tangu mwaka 2020 mbio hizo hizo hazijafikia hata nusu ya idadi hiyo. Huko hakuna chaneli za miji za kuwaficha watazamaji waliopotea. Waliondoka kweli.

Bi. Mwanaidi, Queens alijibu:

Karani ameeleza vizuri wingi, lakini nadhani swali la uaminifu halijaguswa bado, kwa sababu inabidi kwanza tuulize shabiki amejifunga kwa nani. Katika besiboli mtu hupenda jezi na mji, na mchezaji ni mpangaji tu ndani ya jezi hiyo. Ni kama Simba na Yanga: mchezaji akivuka mtaa, mapenzi hayamfuati, yanabaki pale pale na yeye anageuka adui. Hapa New York tumeliona jambo hili waziwazi. Juan Soto aliwapeleka Yankees fainali mwaka 2024, na Desemba ya mwaka huo huo akasaini na Mets, timu nyingine ya mji huu huu, mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Aliporudi kwenye uwanja wa Yankees Mei 2025, watu wale wale waliokuwa wakiliimba jina lake miezi saba nyuma walimzomea kila aliposhika gongo. Sijakutana na shabiki hata mmoja wa Yankees aliyenunua kofia ya Mets kwa ajili yake.

Sasa mtazame Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule marehemu mwenye namba 3. Mwaka 2008 aliiacha kampuni iliyoanzishwa na baba yake, akaacha gari jekundu namba 8, akahamia Hendrick Motorsports na kupewa namba 88. Hendrick ilikuwa timu ya Jeff Gordon, mpinzani mkubwa wa baba yake, na mashabiki wa akina Earnhardt walikuwa wamemzomea Gordon kwa miaka mingi. Hata hivyo walibadilisha kofia, fulana na vibandiko vya magari yao, wakahamia naye kambini mwa adui bila kunung'unika sana. Alichaguliwa dereva anayependwa zaidi miaka 15 mfululizo, kuanzia 2003 hadi 2017, yaani kabla ya kuhama na baada ya kuhama, katika misimu ya ushindi na katika misimu ambayo hakushinda mbio hata moja. Mapenzi ya namna hiyo besiboli haiyajui.

Lakini uaminifu uliofungwa kwa mtu mmoja hustaafu pamoja naye. Gordon aliacha kukimbia msimu mzima baada ya mwaka 2015, Tony Stewart baada ya 2016, na Earnhardt Jr. baada ya 2017. Ndani ya misimu mitatu NASCAR ilipoteza watu watatu waliokuwa wamebeba mashabiki wake wengi kuliko wengine. Derek Jeter alipostaafu mwaka 2014, Yankees walihuzunika, kisha Aprili iliyofuata wakarudi kwenye viti vyao. Ndiyo maana kwangu hakuna jibu moja la nani kindakindaki zaidi. Mapenzi ya NASCAR ni makali zaidi kwa mtu mmoja mmoja, na ya besiboli yanadumu zaidi kama ukoo. Ipo njia moja tu ambayo NASCAR hurithisha mashabiki, nayo ni jina la familia: tuzo ile ya dereva anayependwa ilihamia kwa Chase Elliott mwaka 2018, na baba yake, Bill Elliott, alikuwa ameipata mara 16.

Fundi wa Bristol alijibu:

Dada Mwanaidi, hoja yako ina uzito, ila unawaachia viongozi wa mchezo wateleze kirahisi mno, kana kwamba mashabiki waliondoka kwa sababu tu madereva walizeeka. Mimi naishi karibu na uwanja wa Bristol, Tennessee, ambao ni kama bakuli la zege lenye mzunguko wa nusu maili na viti zaidi ya 140,000 kuuzingira. Kuanzia mwaka 1982 tiketi zake ziliisha zote kwa mbio 55 mfululizo, na kulikuwa na watu walioandika haki ya viti vyao katika wosia. Mfululizo huo ulikatika Machi 2010. Wakati huo Earnhardt Jr., Gordon na Stewart wote walikuwa bado barabarani kila Jumapili. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mwaka 2007 uwanja uliwekwa zege jipya lenye mteremko tofauti, magari yakaweza kupitana bila kugongana, na wenyeji waliokuja kutazama purukushani wakaambiwa kwamba huu sasa ni mchezo bora zaidi. Ongeza na mdororo wa uchumi wa mwaka 2008, uliowakumba hasa watu wanaosafiri maili mia kadhaa na familia nzima na kulipia kambi na mafuta.

Tena tatizo lilianza mapema zaidi. North Wilkesboro, mojawapo ya viwanja vya mwanzo kabisa vya NASCAR, ulinyang'anywa mbio zake baada ya mwaka 1996, na Rockingham ukafuata baada ya Februari 2004. Mbio za Darlington za wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani (mwanzoni mwa Septemba), zilizokuwa zikifanyika South Carolina tangu mwaka 1950, zilipelekwa California kutafuta mashabiki wapya, na mwaka huo huo wa 2004 ukaletwa mfumo mpya wa kumpata bingwa kwa mbio kumi za mwisho. Mashabiki wapya hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na wa zamani walijua wameuzwa. Darlington ilirudishiwa wikiendi yake mwaka 2015, na mbio maalumu za madereva nyota zikapelekwa North Wilkesboro mwaka 2023, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha kwamba wakubwa wenyewe walielewa walichokivunja.

Jambo moja ambalo takwimu hazilionyeshi ni ukaribu. Hapa unaruhusiwa kuingia jukwaani na sanduku lako la barafu na vinywaji vyako. Unakodi kipokea sauti na kuziba masikio, kisha kwa saa tatu unamsikiliza dereva wako akizungumza na mkuu wa mafundi wake: akilalamika kwamba gari linateleza upande wa nyuma kila anapotoka kwenye kona ya pili, akiambiwa avumilie mizunguko ishirini hadi atakapoingia kubadilisha matairi, na wakati mwingine akitukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Katika besiboli hakuna mtu anayekuruhusu kusikia mrushaji na mdakaji wanasemezana nini. Ukimsikiliza mtu kwa namna hiyo misimu kumi, unamfahamu kuliko baadhi ya jamaa zako.

Karani wa Takwimu alijibu tena:

Fundi, mfano wa Bristol ni mzuri, na besiboli nayo ina wake. Uwanja wa Fenway mjini Boston ulihesabu mechi 820 mfululizo zilizojaa, kuanzia Mei 2003 hadi Aprili 2013, ingawa wapo waliolalamikia namna klabu ilivyokuwa ikihesabu. Kuhusu viongozi kuwakosea mashabiki, besiboli ilifanya kosa kubwa zaidi: mgomo ulioanza tarehe 12 Agosti 1994 ulifuta fainali za mwaka huo, na msimu wa 1995 mahudhurio ya kila mechi yalishuka kwa takriban asilimia 20. Watu walikuwa na hasira ya kweli, lakini walirudi. Msimu wa 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa walipokuwa wakishindana kuivunja rekodi ya mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja, viwanja vilikuwa vimeshaanza kujaa tena. Cubs wa Chicago walikaa miaka 108 bila ubingwa, hadi 2016, na uwanja wao wa Wrigley Field haukugeuka gofu.

Msomaji wa Atlanta alijibu:

Naongeza jambo ambalo wengi hulikwepa. Ukubwa wa mchezo hutegemea pia nani aliyeruhusiwa kuupenda. Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliingia ligi kuu ya besiboli tarehe 15 Aprili 1947. Wendell Scott, dereva mweusi, alishinda mbio za daraja la juu la NASCAR huko Jacksonville tarehe 1 Desemba 1963, lakini ushindi ulitangazwa kuwa wa Buck Baker, na uliporekebishwa baada ya saa kadhaa umati ulikuwa umeshatawanyika. Scott hakupata kombe lake stahiki maisha yake yote. Bendera ya majeshi ya Kusini, yale yaliyopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilipigwa marufuku viwanjani Juni 2020 tu. Dereva mweusi aliyefuata kushinda katika daraja hilo ni Bubba Wallace, huko Talladega, Oktoba 2021, akiendeshea timu ambayo Michael Jordan ni mmoja wa wamiliki wake. Fundi anasema mashabiki wapya hawakuja. Baadhi yetu tuliokuwa jirani kabisa na viwanja hivyo hatukuhisi kwamba tumealikwa.

Mtoro wa Oakland alijibu:

Bi. Mwanaidi amesema mapenzi ya besiboli hukaa mjini na kudumu. Hudumu ikiwa timu nayo itakaa. Dodgers waliondoka Brooklyn baada ya msimu wa 1957, Montreal ikapoteza yake baada ya 2004, na sisi wa Oakland tukapoteza yetu, Athletics, baada ya 2024. Tarehe 13 Juni 2023 watu zaidi ya 27,000 walikwenda uwanjani kwa makusudi, katikati ya wiki, kuishangilia timu iliyokuwa ya mwisho kwenye ligi, wakivaa fulana za kijani zilizomtaka mmiliki auze klabu. Siku hiyo hiyo baraza la juu la bunge la Nevada lilipitisha fedha za umma za kuijengea klabu hiyo uwanja Las Vegas. Dereva akistaafu, angalau ni yeye mwenyewe aliyeamua kuniacha.