Shule imerusha orodha ya wadaiwa ada kwenye grupu la wazazi. Naombeni ushauri

Mama Pasua
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, mwanangu yuko darasa la sita, bweni, shule ya binafsi. Alhamisi mhasibu karusha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi faili la wadaiwa: jina la mtoto, namba ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi), deni, simu ya mzazi. Mwalimu mkuu anasema ni utaratibu wa kukumbushana. Nataka niwafanyie kitu wasisahau. Nianzie wapi? Tangu siku hiyo silali.

Mtoto wa Kibosho
Dada, lipa ada kwanza. Mimi nina watatu wanasoma, Januari nimeuza ng'ombe wa maziwa ili nisidaiwe. Hela za michango ya harusi hatukosi, ya ada ndiyo tunaomba shule isubiri.

Kijana wa Sakina
Umeuza ng'ombe wa maziwa? Basi hapo kwako ni chai ya rangi mpaka Krismasi 😂

Karani Mstaafu
Nimekaa ofisi za shule muda mrefu. Wadaiwa tulikuwa tunawasoma mstarini asubuhi, wanarudishwa nyumbani. Haikuwa vizuri, ila yaliishia pale pale uwanjani. Mafaili ya siku hizi yana safu ya "maelezo" mwishoni. Kwa mwanao wameandika nini?

Mama Pasua
Mambo ya afya. Sitaki kuingia huko.

Karani Mstaafu
Mama, ushauri wote unategemea hapo hapo.

Mama Pasua
Wameandika "dawa kila siku, CTC", ile kliniki ya VVU. Nadhani mmeelewa. Mwingine kaandikiwa "selimundu", mwingine "baba amefariki, analipiwa na parokia".
Na mwanangu mwenyewe hajui. Ana miaka 12, tulimwambia ni dawa za kifua. Jana Jumamosi ilikuwa siku ya kutembelea. Nimekuta aliyekuwa analala kitanda cha juu yake kabeba godoro kahamia upande wa pili. Mwanangu kaniuliza, "Mama, kwani kifua kinaambukiza?"
Kuna jamaa ana ukurasa mkubwa Instagram, nimeshamtumia faili. Anarusha keshokutwa. Msinilaumu, bila kelele hawa hawasikii.

Binti Meru
Umemtumia faili zima? Na yule wa selimundu je?

Mama Pasua
Mstari wa mwanangu nimeufuta. Wengine wataelewa, napigania watoto wote.

Jicho la Tatu
Hii chai. Mhasibu wa shule anajuaje mambo ya CTC? Hospitali haitoi siri ya mgonjwa kwa mhasibu. Hapa kuna mtu anataka kuichafua shule ya mwenzake, wanafunzi wanagombewa mjini.

Kijana wa Sakina
Hata mimi nilishtuka. Alhamisi faili limetumwa, Jumamosi bweni limeshajua? Watoto wa bweni hawana simu.

Mwalimu wa Zamu
Wazazi wao wanazo, na Jumamosi walikuja kutembelea. Mhasibu naye anajua kirahisi sana. Fomu ya kujiunga ina sehemu ya afya, mzazi anajaza ili matroni ajue nani apewe dawa saa ngapi. Shule niliyofundisha, fomu zote ziliingizwa kwenye Excel moja. Anayetaka madeni anafungua hiyo hiyo, anachuja, anatuma. Kompyuta moja ya ofisi nzima, nywila imebandikwa kwenye skrini. Niliposema taarifa za afya abaki nazo matroni peke yake, nikaambiwa naleta mambo ya Ulaya.

Wakili wa Mtaa
Siyo ya Ulaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Taarifa iliyochukuliwa kwa ajili ya dawa haigeuzwi kuwa ya kudaia ada, na taarifa za afya na za watoto ni nyeti. Mama, andika barua kwa shule, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.
Leo usiku mwambie admini ajaribu kulifuta lile faili kwa wote, anaweza hata kama hakulituma yeye, kama muda wa kufuta wa WhatsApp haujapita. Waliokwisha kulipakua watabaki nalo, kwa hiyo awaandikie walifute.
Na likienda Instagram, wazazi wa wale wengine watakushitaki wewe.

Binti Meru
Mimi nimekua na dawa hizo. Aliyeniambia ni mtoto wa jirani, bombani, watu wamepanga ndoo. Mama alikuja kunieleza baadaye, likizo nzima sikuongea naye. Kabla ya barua, nenda CTC umwone mnasihi. Wanajua kumwambia mtoto kidogo kidogo, na wako ana umri wa kuambiwa. Asiendelee kulala pale huku wenzake wanajua na yeye hajui.

Mtoto wa Kibosho
Pole sana dada. Ila ada nayo ilipwe.

Mama Pasua
Kesho asubuhi namfuata, tunapitia CTC. Wakili, nitakutafuta inboksi kwa ajili ya barua. Jamaa wa Instagram nimemwambia asubiri kwanza. Sijamwambia aache, maana mwalimu mkuu akiona nimenyamaza, muhula ujao ni orodha nyingine.

Binti Meru
Mwambie aache. Na faili alifute.